Isizidi, Isipungue: Kirikuu cha Machungwa Kwenye Karatasi ya Grafu

MTANGAZAJI: Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Habari za sokoni Ngamiani?

MTANGAZAJI: Njema, Mwalimu. Soko limejaa machungwa ya Muheza hadi njia ya kupita imekuwa nyembamba, na ndiyo sababu leo nimekuja na hesabu ya jirani yangu, ambaye hukodi kirikuu kwenda Muheza kununua machungwa na nazi na kuzileta hapa Tanga mjini. Gunia la machungwa lina kilo 80 na hulinunua kwa shilingi 20,000. Kiroba cha nazi zilizokwisha kufuliwa kina kilo 40 na hukinunua kwa shilingi 30,000. Mwenye gari amemwambia mzigo usizidi kilo 640. Ukiondoa kodi ya gari, mkononi ana shilingi 240,000. Tena amekwisha kumwahidi mama mmoja anayepika vitumbua kwamba atamletea viroba vya nazi visivyopungua viwili. Anauliza abebe magunia mangapi na viroba vingapi ili apate faida kubwa kuliko zote.

MWALIMU: Kabla hatujashika rula, yasikilize maneno yako mwenyewe: umesema "usizidi", kisha ukasema "visivyopungua". Katika madaftari niliyosahihisha, makosa mengi ya mada hii, ya kutafuta faida kubwa ndani ya mipaka, hayakuwa ya kuchora, yalikuwa ya kusikia. Mwanafunzi akilisikia "zidi" huandika alama ya kubwa kuliko, na akilisikia "pungua" mkono wake hukimbilia alama ya ndogo kuliko, kwa sababu ile silabi "si" iliyojibanza katikati ya kitenzi, ambayo ndiyo inayogeuza maana yote, imempita.

MTANGAZAJI: Mimi nilikuwa mmoja wao. Katika jaribio moja la kidato cha nne nilimbebesha mfanyabiashara mzigo wote ambao gari lilikatazwa kuubeba.

MWALIMU: Na sekondari somo hili hufundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mtoto huyapitisha maneno hayo katika lugha mbili kabla hayajafika kwenye alama. Mimi humwambia aseme kwanza kwa Kiswahili, kwa sauti, kama anayepatana bei. Haya, tuite idadi ya magunia ya machungwa x, na idadi ya viroba vya nazi y. Uzito unasemaje?

MTANGAZAJI: 80x + 40y ≤ 640. Nikigawanya kote kwa 40, napata 2x + y ≤ 16.

MWALIMU: Na fedha?

MTANGAZAJI: 20,000x + 30,000y ≤ 240,000, ambayo ikigawanywa kwa 10,000 inabaki 2x + 3y ≤ 24. Ahadi ya mama wa vitumbua ni y ≥ 2. Sijui kama kuna haja ya kuandika kwamba x ≥ 0.

MWALIMU: Iko haja, kwa maana karatasi haijui kwamba hakuna gunia hasi. Hizo alama mbili za msingi, ya kubwa kuliko na ya ndogo kuliko, zilichapishwa mwaka 1631 katika kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufariki miaka 10 nyuma. Tuchore sasa. Msikilizaji achukue karatasi ya miraba, mhimili wa chini uhesabu machungwa na wa kusimama uhesabu nazi. Mstari wa uzito unakata mhimili wa chini penye 8 na wa kusimama penye 16. Mstari wa fedha unakata penye 12 na penye 8. Na mstari wa ahadi umelala usawa wa 2. Yote mitatu tunaikoleza bila kuikatakata, kwa kuwa kilo 640 kamili zinaruhusiwa. Mwenye gari angalisema "pungufu ya kilo 640", tungalichora mstari wa vidoti, kwa kuwa pale penyewe pasingekubalika.

MTANGAZAJI: Hapo ndipo wengi hukwama, Mwalimu: mstari upo, lakini ni upande upi unaotakiwa?

MWALIMU: Jaribu gari tupu, yaani (0, 0). Gari tupu halijazidisha uzito, wala halijamaliza fedha ya mtu, kwa hiyo katika mistari ile miwili upande wenye (0, 0) ndio wetu. Lakini kwa mstari wa tatu, gari tupu halijatimiza ahadi ya mama wa vitumbua, kwa hiyo huko tunakaa juu ya mstari. Wapo walimu wanaotia kivuli upande unaotakiwa, na wapo wanaotia kivuli upande uliokataliwa ili unaobaki uwe mweupe. Mimi napenda njia ya pili, maana vivuli vitatu vikipandana, karatasi huchafuka na jicho halioni kitu.

MTANGAZAJI: Eneo langu jeupe lina pembe nne: (0, 2), (7, 2), (6, 4) na (0, 8).

MWALIMU: Faida kubwa kuliko zote hukaa kwenye pembe mojawapo, kwa hiyo tuzijaribu pembe. Faida yake ni kiasi gani?

MTANGAZAJI: Shilingi 6,000 kwa gunia la machungwa, na 5,000 kwa kiroba cha nazi. Pembe ya kwanza inatoa 10,000, ya pili 52,000, ya tatu 56,000, na ya nne 40,000. Basi achukue magunia 6 na viroba 4, na hapo kilo zinatimia 640 na fedha inakwisha yote.

MWALIMU: Fedha na uzito vimekwisha kwa pamoja kwa sababu pembe hiyo ndipo mistari yake miwili inapokutana. Hesabu za namna hii si za shuleni tu. Mwaka 1939 Leonid Kantorovich, Mrusi, alizishughulikia kwa ajili ya viwanda, baada ya kuulizwa na watu wa mbao za plaiwudi namna ya kugawa kazi kwa mashine zao.

MTANGAZAJI: Sasa, Mwalimu, mwenye gari amelegea jana jioni na kuruhusu kilo 720.

MWALIMU: Basi mstari wa uzito unasogea kulia na kuwa 2x + y ≤ 18. Mistari inakutana wapi?

MTANGAZAJI: Penye x = 7.5 na y = 3. Nusu gunia! Nitashusha iwe 7 na 3, faida 57,000.

MWALIMU: Usiwe na haraka. Weka nukta za namba nzima zilizomo ndani ya eneo, kisha ujaribu (8, 2).

MTANGAZAJI: Kilo 720 kamili, fedha 220,000, nazi viroba viwili vya ahadi, na faida ni... 58,000. Kumbe kushusha kulinipunja elfu moja.

MWALIMU: Pembe ikiangukia kwenye nusu, nukta bora huenda isiwe ile iliyo jirani yake. Mwambie jirani yako.

MTANGAZAJI: Nitamwambia, ila nalijua jibu lake: kilo 80 zaidi kwa faida ya shilingi 2,000, kwa springi zile za kirikuu, atabaki na 6 na 4.