Fuata shamba kwanza, jina litakuja: kumtafuta babu wa enzi za walowezi kwenye hati za ardhi za Kentucky

Habari za jioni ndugu zangu, na shikamooni wazee wetu. Wale mlio nyuma sogeeni, viti vipo huku mbele.

Nimeombwa niongelee namna ya kumtafuta babu wa zamani kupitia hati za ardhi, na kwa kuwa wengi wetu tunaishi hapa Louisville, watoto wanarudi na kazi za historia ya Kentucky, wengine tayari tuna wakwe na wajukuu wenye damu ya watu wa hapa, nikaona tusizunguke mbali. Tumchukue mtu mmoja ambaye karatasi zake zipo na shamba lake lilikuwa kaunti hii hii ya Jefferson tunayolipia kodi, yaani Kapteni Abraham Lincoln, babu mzaa baba wa yule rais Abraham Lincoln. Alizaliwa 1744 Pennsylvania, akahamia Virginia na wazazi wake, akaja huku, akauawa huku 1786.

Sasa ukianza kwa kutafuta "Lincoln" peke yake unaweza ukampita kabisa, maana waranti yake ya mwaka 1780, yaani karatasi ya haki ya kupata ardhi, imeandikwa Linkhorn. Karani aliandika alichosikia, basi. Ndo maana nasema fuata shamba kwanza, mto gani, jirani nani, mti gani wa kona, kwa sababu jina linabadilika kila karani anapobadilika lakini kijito hakihami.

Mjue kwanza kwamba Kentucky haikuwa jimbo mpaka tarehe 1 Juni 1792, kabla ya hapo ilikuwa sehemu ya Virginia, na sheria ya ardhi iliyotumika ni ya Virginia ya mwaka 1779. Ukitaka ardhi chini ya sheria ile ulipita hatua nne na kila hatua inaacha karatasi yake: unapata waranti, unaandikisha sehemu unayoitaka, mpimaji anakuja kupima, alafu mwisho unapewa hati miliki. Watu wengi wanakimbilia ile ya mwisho kwa sababu ina muhuri na sahihi ya gavana, wakati ile ya mwisho ndo ina habari chache za mtu mwenyewe. Kuna waliokufa kabla hawajafika huko, hati ikatoka kwa jina la mtoto au la mtu aliyenunua haki yao, kwa hiyo ukitafuta hati miliki tu utasema babu hakuwahi kufika wakati alifika, akajenga, akazika watoto.

Waranti ya Kapteni Lincoln ilikuwa namba 3334, ekari 400, kalipa pauni 160, ndo bei ya serikali pauni 40 kwa kila ekari 100, tena pesa za karatasi za wakati wa vita ambazo thamani yake ilikuwa inaporomoka. Na hapa naomba msikilize vizuri maana watu wengi wanateleza: waranti haisemi ardhi iko wapi. Ni haki ya kupata ekari kadhaa popote palipo wazi, na iliuzwa na kununuliwa mkono kwa mkono, kwa hiyo kuwa na waranti si ushahidi kwamba mtu alikanyaga Kentucky. Wapo waliokaa mjini Philadelphia wakamiliki maelfu ya ekari wasizione hata siku moja.

Karatasi ninayoipenda mimi ni ya upimaji, ya tarehe 7 Mei 1785. Inasema shamba liko kwenye tawi la Floyd's Fork, kijito ambacho sasa kinaitwa Long Run, linaanzia kama maili mbili juu ya kijito kutoka mdomo wa tawi lililokuwa likiitwa Tice's Fork, kwenye mti wa mepo wa sukari uliosimama pembeni ukiwa umechongwa herufi S D B. Kutoka hapo mashariki fito 300 mpaka kwenye popla na mepo, kaskazini fito 213 na theluthi mpaka kwenye bichi na dogwudi, magharibi fito 300 mpaka kwenye mwaloni mweupe na hikori, alafu kusini fito 213 na theluthi mpaka ulipoanzia. Fito moja ni futi 16 na nusu, kama mita 5 hivi, na fito za mraba 160 ni ekari moja, chukua 300 zidisha kwa 213 na theluthi unapata 64,000, gawa kwa 160, ekari 400 kamili. Fanyeni hesabu hiyo kila mnapopata karatasi ya namna hii, maana hesabu ikikataa ujue aliyenakili amekosea namba au ameruka mstari mzima.

Chini yake kuna majina, na hapo ndo utajiri wenyewe. Waliobeba mnyororo wa kupimia ni Hananiah Lincoln na Josiah Lincoln, na aliyeweka alama kwenye miti ni Abraham Linkhorn mwenyewe. Mnaona? Karatasi moja, siku moja, ukoo mmoja, na jina limeandikwa namna mbili! Ungetafuta Linkhorn tu ungemkosa Josiah, na kapteni alikuwa na mtoto wa kiume anaitwa Josiah. Wabeba mnyororo mara nyingi walikuwa ndugu, mashemeji au majirani, ndo waliokuwa karibu, hivyo ukimpata babu wa mtu amebeba mnyororo kwenye shamba la mtu mwingine usipite haraka, huyo mwenye shamba anaweza kuwa mkwe wake. Chukua karatasi za majirani wote wa kijito kile, zichore kwa skeli moja, zikate na mkasi uzipange mezani, kona zenye miti ile ile zitakutana. Ni kazi ya jioni nyingi lakini ukimaliza una kijiji kizima mbele yako.

Niseme na hili, maana sipendi tulipite. Hakuna hata moja ya karatasi hizi iliyowauliza Washawnee waliokuwa wakiwinda kwenye misitu hiyo tangu zamani. Virginia iliuza, wapimaji wakapima, na vita vikaendelea miaka na miaka. Mei 1786 kapteni alipigwa risasi na Wahindi Wekundu akiwa shambani kwake na watoto wake wa kiume, mkubwa wao Mordecai akachukua bunduki akamuua mmoja wa wavamizi, na mdogo Thomas, mtoto wa miaka kama minane, aliona yote. Huyo Thomas ndo baba wa rais.

Alafu tazameni sheria inavyobeba maisha ya mtu. Kwa sheria ya zamani ya Virginia mtu akifa bila wosia ardhi ilikwenda kwa mtoto mkubwa wa kiume, na sheria mpya ya kugawa sawa ilianza kazi tarehe 1 Januari 1787. Kapteni alikufa miezi michache tu kabla. Shamba likaangukia kwa Mordecai, Thomas akakua anafanya vibarua huku na huku. Kwa hiyo usiposoma sheria ya mwaka ule utaanza kujiuliza kwa nini kaka ana mashamba na mdogo hana kitu, utadhani waligombana.

Mtu asiye na ardhi unampataje? Kwenye madaftari ya kodi. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1780 Kentucky iliandika wanaume wa miaka 21 na kuendelea, farasi wao, na mwenye ardhi anaandikiwa na kijito, mara nyingine hata jina la aliyeiandikisha na aliyeipima mwanzo. Kijana akitokea ghafla mwaka fulani huenda ndo katimiza 21, akipotea basi kafa au kahama, akitokea mjane mahali pake umeshajua jibu.

Thomas alijitahidi. Mwaka 1803 akanunua ekari 238 pale Mill Creek, kaunti ya Hardin, kwa pauni 118, na 1814 akauza ekari 200 tu kwa pauni 100, maana mipaka ilikuwa imeelezwa vibaya. Shamba la Sinking Spring alikozaliwa Abraham yule rais, tarehe 12 Februari 1809, alitoa dola 200 taslimu alafu likaja deni la zamani la wamiliki wa kabla yake. Akahamia Knob Creek, akashtakiwa yeye na majirani zake na warithi wa mtu wa Philadelphia waliodai eneo lote ni lao. Kesi ile alishinda, ila hukumu ilipotoka alishahama. Mashamba ya Kentucky yalikuwa yamelaliana kama makuti ya paa kwa sababu kila mtu alijipimia apendavyo kutoka mti hadi mti. Hata Daniel Boone aliyewafungulia njia alipoteza ardhi zake karibu zote akaenda zake Missouri. Rais mwenyewe aliandika 1860 kwamba baba yake aliondoka Kentucky kidogo kwa sababu ya utumwa lakini hasa kwa sababu ya shida ya hati za ardhi. Kwa hiyo usiishie kwenye hati za kununua na kuuza, ingia kwenye mafaili ya kesi, huko majirani wanaapa mbele ya karani nani alijenga kibanda cha kwanza na mwaka gani.

Indiana mambo yalikuwa tofauti. Huko ardhi ya serikali kuu ilipimwa kwa miraba kabla ya kuuzwa, na Oktoba 1817 Thomas akaandikisha robo ya kusini magharibi ya seksheni 32, taunshipu ya 4 kusini, renji ya 5 magharibi, namba hizo ndo anwani ya mraba wenyewe, ekari 160 kwa dola 2 kila ekari, kwa awamu, ofisi ya Vincennes. Hakuweza kulipa zote. Akarudisha nusu ya mashariki, malipo yake yakahesabiwa kwenye nusu ya magharibi, na 1827 akapata hati ya ekari 80 ambazo hakuna wa kumdai.

Hati za majimbo ya miraba zipo mtandaoni bure kwenye kumbukumbu za Ofisi Kuu ya Ardhi ya Marekani, na za Kentucky zinatunzwa Frankfort kwa Katibu wa Jimbo, waranti na upimaji zimepigwa picha unazisoma hapo hapo kwenye simu. Sasa kama una jina na kaunti njoo hapa mbele na mjukuu wako, hata kama una jina la kijito tu bila jina la mtu, tuanze na hicho.