Ukungu Kwenye Kioo

Ndugu zangu, habari za jioni. Mtungi huu wa kioo naomba upite kwa kila mmoja wenu, ila msiufungue. Ndani mna kangaga dogo na udongo wa viganja viwili. Ni mwezi wa nne sasa sijautia maji. Tazameni shingoni pake, mtaona matone. Hayo ndiyo yaliyonileta hapa.

Mizizi hufyonza maji, majani huyatoa kama mvuke. Mvuke ukikutana na kioo kilichopoa hugeuka matone, yakateremka tena udongoni. Maji ni yaleyale, yanazunguka. Hewa nayo vivyo hivyo: kukiwa na mwanga mmea huvuta kaboni dioksidi na kutoa oksijeni, usiku mmea na vijidudu vya udongoni huitumia oksijeni hiyo.

Jambo hili lilimjia daktari mmoja wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, mwaka 1829, bila kulitafuta. Alikuwa ameweka pupa ya nondo, yaani mdudu kama kipepeo akiwa bado ndani ya gamba lake, kwenye chupa yenye udongo mbichi, akaifunika, akisubiri nondo atoke. Kilichomshangaza ni kangaga na nyasi zilizochipua humo. Nje, makangaga yake yalikuwa yakifa kwa moshi wa jiji. Mwaka 1833 alisafirisha mimea hadi Sydney ndani ya masanduku ya vioo, ikafika hai baada ya miezi kadhaa baharini. Kwangu mimi, hapo ndipo ilipothibitika kwamba kinachookoa mmea mara nyingi ni kuuacha utulie.

Nasema hivyo kwa sababu mitungi mingi huuawa na upendo. Mtu ataweka kokoto chini, chembe za mkaa, kisha udongo, atapanda vizuri kabisa, halafu atamwaga maji kama anamwagilia bustani. Mtungi hauna tundu. Kokoto zitahifadhi maji kidogo yaliyozidi, lakini zikishajaa maji, mizizi inakosa hewa na kuoza. Tieni maji kijiko kwa kijiko. Udongo uwe kama kitambaa kilichokamuliwa: ukiubana kiganjani ushikane, usichuruzike.

Kisha someni kioo. Kiswahili chetu kina neno moja, ukungu, kwa ule mvuke unaotanda kiooni na kwa ule utando mweupe unaoozesha majani, na mara nyingi wa kwanza ukizidi humwita wa pili. Ukungu wa asubuhi upande mmoja, unaoondoka mchana, ni afya. Ukitanda pande zote kutwa nzima, maji yamezidi; fungueni kifuniko saa chache. Kioo kikibaki kikavu siku nyingi na udongo umepauka, ongezeni kijiko kimoja. Jani lililooza litoeni siku hiyohiyo kwa kibanio.

Mtungi wangu wa kwanza niliuweka dirishani, jua likaupiga moja kwa moja. Kioo kilichofungwa hunasa joto. Jioni nilikuta majani yamelegea kama mboga iliyochemshwa. Iliniuma sana. Mwanga unahitajika, ndiyo, ila uwe wa kivulini, na mtungi ugeuzwe kila wiki mmea usiegemee upande mmoja. Mbolea achaneni nayo, maana mmea ukikimbilia kukua utagusa kioo, na majani yanayogusa kioo chenye maji ndiyo huoza kwanza.

Kaktasi? Hapana, hiyo ipandeni kwenye chombo kilicho wazi. Naona mtungi umefika nyuma. Hebu aliyeushika atuambie, ukungu uko upande gani?