Jengo la matenele limezeeka: tuanzie wapi kuamua

Wamama, wababa, walimu wetu, na ninyi wa komiti ya wazazi, asanteni kwa kunikaribisha. Mmeniomba niseme juu ya shule yetu ya matenele hapa Lubumbashi, Kongo, chekechea ya serikali ambayo kuta zake zimepasuka na paa lake linavuja. Mezani kuna mapendekezo matatu: kubomoa na kujenga upya, kufunga na kuwatawanya watoto, au kuwaachia primeri, yaani shule ya msingi, vyumba. Nimesikiliza yote kwa makini. Kinachonisumbua ni kwamba tunabishana juu ya jibu wakati hakuna aliyepanda kuangalia mbao za paa.

Nianze na watoto. Kwa sheria yetu ya elimu ya mwaka 2014, matenele ni miaka mitatu: mtoto anaingia akiwa na miaka 3, na baada ya mwaka wake wa 5 anakwenda darasa la kwanza. Nimesikia mtu akisema hapa, "tufunge mwaka mmoja tu, tutengeneze vizuri." Kwa sisi watu wazima mwaka mmoja ni kitu kidogo. Kwa mtoto wa miaka 5 ndio mwaka wake wote uliobaki. Septemba inayofuata atakaa kwenye benchi la primeri akisikia Kifaransa cha darasani bila kuandaliwa, katikati ya watoto wengi, mbele ya mwalimu mmoja aliyechoka. Hatutamrudishia mwaka huo hata tukimjengea ghorofa.

Hawa wa primeri nawaelewa. Tangu Septemba 2019, primeri za serikali zilipokuwa za bure kama Katiba inavyotaka kwenye kifungu cha 43, madarasa yamefurika. Ubure huo haukuigusa matenele, kwa hiyo ni rahisi kuiona kama kitu cha ziada. Lakini ukichukua vyumba vya wadogo ili kupunguza msongamano wa wakubwa, unapeleka darasa la kwanza watoto wasiojua kukaa, kusubiri zamu wala kwenda choo peke yao. Mzigo unarudi palepale kwa mwalimu uliyetaka kumsaidia.

Sasa jengo lenyewe, na hapa nitakaa kidogo. Majengo ya zamani ya mji huu, tangu ulipoitwa Élisabethville wakati wa ukoloni, yana matofali ya kuchoma, kuta nene, dari ya juu, na barza ndefu mbele. Barza hiyo msiidharau: mvua ikinyesha, watoto wanachezea pale. Joto la Oktoba likija, chumba chenye ukuta mnene kinabaki baridi kuliko hivi vyumba vya bloki nyembamba tunavyojenga leo. Mara nyingi ukuta kama huo bado una nguvu, na ugonjwa wake umetoka juu. Maji yanapita kwenye bati lililotoboka, yanalowesha mbao, mbao laini zinawaita mchwa, na Lubumbashi hatuna haja ya kuelezana mchwa ni nini, tuna vichuguu vinavyoipita nyumba kwa urefu. Kisha maji yanashuka kwenye kona, yanachimba chini ya msingi, ukuta unapasuka. Fundi anapaka simenti juu ya ufa, sisi tunalipa, mvua ya Novemba inaufungua tena.

Kwa hiyo tumwite enjenia, na tujue atatafuta nini. Atachoma mbao za paa kwa bisibisi: ikizama kama kwenye muhogo uliopikwa, paa lote linashuka, na watoto hawalali wala kusoma chini yake hata siku moja. Atabandika plasta nyembamba juu ya kila ufa na kuandika tarehe. Plasta ikikatika, ukuta bado unatembea. Isipokatika, huo ni ufa wa zamani uliotulia, na unatengenezeka. Kama paa lina mabamba ya kijivu ya saruji yenye asbesto, kijana yeyote asipande kuyavunja kwa nyundo ili kupunguza gharama. Vumbi lake linaingia mapafuni, na ugonjwa unaweza kutokea baada ya miaka 20 au zaidi. Rangi ya zamani inayobanduka nayo inaweza kuwa na madini ya risasi, yaani plombu. Mtoto wa miaka 3 anaweka kila kitu mdomoni, na plombu inaharibu ubongo unaokua hata ikiwa kidogo.

Hilo linanifikisha kwa wanaosema tuhamie kwingine. Wapi? Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza hapa mwaka 1911, na kwa miaka mingi upepo ulipeleka moshi wake upande mmoja. Udongo wa mtaa wa Penga-Penga na pembeni yake unabeba mpaka leo madini yaliyoshuka na moshi ule. Kiwanja cha bei nafuu kipimwe udongo kabla ya kusifiwa. Na umbali nao: mtoto wa miaka 4 anatembea kwa mguu, ameshikwa mkono na dada yake wa miaka 10 ambaye naye anawahi darasani. Ongezeni barabara kubwa moja kati ya nyumba na shule, watoto wengi watabaki nyumbani.

Ninaogopa zaidi uwanja mtupu. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, lakini wote tumeona viwanja vya shule za serikali vikimegwa: kwanza kibanda, halafu ukuta, halafu mtu anatoa karatasi. Shule yenye watoto inajilinda kwa kelele zake. Shule iliyofungwa "kwa muda" haina wa kuilinda. Mimi nasema wazi: pasibomolewe hata tofali moja kabla mipaka haijapimwa na karatasi za kiwanja kuwa mkononi.

Kazi yenyewe ina majira yake. Kuanzia Mei mvua imekwisha, na kuanzia Julai watoto wako likizo mpaka Septemba. Paa, mifereji ya maji na vyoo vya wadogo vifanyike katika miezi hiyo, chumba baada ya chumba, pesa zikitosha. Kuta zilizotulia zifuate mwaka wa pili. Enjenia akisema chumba fulani ni hatari, kifungwe kesho asubuhi, na watoto wake waingie vyumba vilivyo salama kwa zamu, kundi moja asubuhi na jingine baadaye.

Kabla hatujatoka naomba tuandike majina mawili ya watakaokwenda kadastre, ofisi ya mipaka ya viwanja, Jumatatu pamoja na direktrisi, mkuu wa shule, na jina moja la atakayemleta enjenia. Daftari liko kwa sekretere. Maswali sasa, tuanze na wamama wa nyuma.