Miaka ya Penseli: Kujifunza Kuchora Bila Mwalimu

(Mhadhara uliotolewa Wete, Pemba, mbele ya wazee na vijana wapendao kuchora)

Assalamu alaykum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa kwenye mikeka hapo mbele, ahsanteni kwa kuja. Mimi ni karani wa bandarini. Kazi yangu ni kuandika mizigo inayoshuka na inayopanda. Kuchora sikusomea popote. Nilianza nikiwa kijana, kwa sababu kazi ya bandarini ina kungoja kwingi: unangoja maji yajae, unangoja chombo kifunge, unangoja wachukuzi wapumzike. Katika kungoja huko penseli ilikuwa sikioni na karatasi ilikuwa mezani. Leo nina mvi, na bado nachora vyombo vilevile.

Nimeombwa nizungumzie vipi mtu anakua katika kuchora kwa kujifundisha mwenyewe. Nitasema ninavyoamini baada ya miaka yote hii. Mkono unaoweza kuandika jina lako vizuri unatosha kuchora. Kinachotaka miaka ni jicho. Mtu anayechora kwa muda mrefu anajifunza kuona kilicho mbele yake, na hilo ni gumu kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa akili inapenda kutangulia na kusema, "Hiki nakijua."

Tuchukue mashua. Kila mtoto wa Wete ameiona mashua tangu hajaweza kutamka neno. Mpe karatasi aichore. Atachora umbo la nusu mwezi, atasimamisha mlingoti katikati, atatundika tanga la pembe tatu, basi. Mtu yeyote atatambua kuwa ni chombo. Sasa mchukue mtoto huyohuyo mpaka ufukweni maji yakiwa yamekupwa, mashua imelala ubavu kwenye tope, mkuku, ule mti wa chini kabisa, uko nje, mataruma, yaani mbavu zake, yanaonekana kwa ndani. Mwambie atazame ukingo wa juu. Ukingo wa upande wa karibu una mpindo mmoja: unashuka kutoka omo, yaani mbele, unatulia, halafu unapanda kidogo kuelekea tezi, yaani nyuma. Ukingo wa upande wa pili una mpindo mwingine kabisa. Unaonekana mfupi, na mahali pengine umejificha nyuma ya huu wa mwanzo. Akili inajua kwamba pande mbili za mashua ni sawa, maana fundi alizipima. Kwa hiyo akili inaulazimisha mkono uzichore sawa. Hapo ndipo chombo kinapokuwa bakuli.

Dawa yake ni kuacha kuuliza "mashua ikoje" na kuanza kuuliza maswali madogo. Ncha ya omo iko juu ya tezi au chini yake, ukitazama kutoka hapa ulipokaa? Upana wa mwili wa chombo unaingia mara ngapi katika urefu wa mlingoti? Nyoosha mkono mbele, fumba jicho moja, shika penseli wima, weka ncha yake sawa na kichwa cha mlingoti na ukucha wa dole gumba sawa na shina lake. Hicho ndicho kipimo chako. Kigeuze kilale, pima mwili wa chombo. Usikunje kiwiko, maana ukikikunja kipimo kinabadilika. Halafu tazama mbingu. Naam, mbingu: kile kipande cha uwazi kilichobaki kati ya mlingoti, foromali (ule mti unaobeba tanga) na ukingo. Kina umbo lake. Chora umbo hilo la uwazi kwa usahihi, na mlingoti na foromali zitakaa mahali pake zenyewe, kwa kuwa uwazi hauna jina, na akili haina la kukuingilia.

Jambo hili la jicho wataalamu wa Kiislamu walilishughulikia zamani sana. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufariki Kairo karibu na mwaka 1040, aliandika kitabu kikubwa juu ya kuona. Alieleza kwamba mwanga unatoka kwenye kitu na kuingia jichoni, kinyume na waliosema kwamba jicho ndilo linalotoa miali. Akaeleza pia kwamba kuona kunakamilishwa na hukumu ya akili: jicho linapokea, akili inalinganisha na inachojua. Miaka karibu elfu imepita, na kila ninapomwona mwanagenzi anachora chombo asichokitazama, namkumbuka mzee yule. Mchoraji anafanya kazi katikati ya vitu hivyo viwili. Anaizuia hukumu kidogo ili apate kile kilichopokelewa.

Wengine walitengeneza vyombo vya kuwasaidia. Mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer, katika kitabu chake cha vipimo cha mwaka 1525, alionyesha picha ya mtu akichora kupitia kioo kilichosimamishwa mbele yake: jicho liko mahali pamoja, na mkono unafuata kwenye kioo kile kinachoonekana nyuma yake. Na mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh, ambaye wengi mmelisikia jina lake, alishika kazi ya kuchora mwaka 1880 akiwa na umri wa miaka 27, na sehemu kubwa ya alichojua alijifundisha mwenyewe kwa kunakili na kuchora kutwa. Mwaka 1882, akiwa The Hague, alitengenezesha fremu yenye nyuzi, akawa anaibeba mpaka ufukweni na mashambani, anatazama mandhari kupitia nyuzi zile. Nyinyi mna madirisha ya nondo. Kaa kitini, usisogeze kichwa, tazama mnazi ulioko nje kupitia nondo, chora kwenye karatasi mistari ya nondo kwanza, kisha uliza mnazi unakata nondo ya ngapi na kwa urefu gani. Ni zana ileile ya Van Gogh, na iko nyumbani kwenu bila ya gharama.

Hapa nataka niseme neno kwa heshima. Wapo kati yetu wasiochora viumbe vyenye roho, kwa imani yao, nami sikuja kubishana na mtu. Elimu hii haipungui kwa hilo. Chombo, mti, mlango wa nakshi, ukuta uliobomoka, jamvi la karafuu: mtu anaweza kuchora hivi maisha yake yote na asimalize.

Na khasa karafuu, kwa sisi watu wa Pemba. Nilipokuwa nimeshachora vyombo kwa miaka kadhaa, nikataka kitu kidogo kinachokaa kiganjani. Nikachukua karafuu mbichi kwenye tawi. Sote tumezichuma, tumezichambua makonyo, yaani vikonyo vyake, tumezianika, lakini nani hapa anaweza kuniambia bila kutazama ile kofia ya juu imekaaje? Shina lake ni refu kidogo, si duara kamili, lina mabega. Juu ya mabega kuna meno manne yaliyofunguka kama mkono unaotaka kupokea, na katikati ya meno hayo kuna kichwa mviringo, ambacho ni petali nne zilizofumbana. Ikiwa tayari kuchumwa, wekundu unaanza kwenye shina na kichwa bado kina ukijani na umanjano. Ikikauka, kila kitu kinakuwa kahawia, shina linakunjamana kwa mikunjo myembamba, na mara nyingi kichwa kinaanguka na kubaki meno manne peke yake. Nimeichora karafuu mara nyingi sana, na kila mara naona kitu ambacho mara iliyopita sikukiona. Kitu kimoja ukikirudia kinakufundisha zaidi kuliko vitu mia ulivyovipitia mara moja moja. Hili nalisema kwa uhakika wote nilio nao.

Kuhusu simu. Vijana wengi wananiletea michoro waliyonakili kutoka simuni, na mingine ni mizuri kweli. Kunakili ni shule, wachoraji wakubwa wengi walinakili. Lakini picha ya simu imeshamaliza kazi ngumu kwa niaba yako: imekwisha kukigeuza kitu chenye kina kuwa karatasi bapa. Kazi hiyo ndiyo uliyokuwa unaitaka uijue. Mwenye kunakili tu, siku akisimama mbele ya mashua halisi, hajui aanzie wapi. Kwa hiyo gawanya: nakili usiku, na mchana chora kilicho mbele yako, hata kama ni kikombe cha chai au ndala zilizoachwa mlangoni.

Tena chagua saa. Sisi tuko karibu na ikweta, nyuzi tano tu kusini yake. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linapita juu ya utosi kabisa, na hata miezi mingine mchana wetu una vivuli vifupi, vyote vimejibana chini ya vitu. Bila ya kivuli umbo halionekani. Chora kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, wakati ubavu mmoja wa chombo umewaka na wa pili umezama gizani. Hapo hata fumbo la mwanzo, la mpindo wa ukingo, linajieleza lenyewe.

Zana nitazipita haraka, kwa sababu watu huzitumia kama kisingizio cha kutoanza. Penseli ya skuli, ile ya HB, inatosha kwa miaka ya mwanzo. Baadaye tafuta 2B na 4B. Herufi hizo zina maana: mwaka 1795 Mfaransa Nicolas-Jacques Conté, wakati vita vilipowazuia kupata madini mazuri ya penseli kutoka Uingereza, alichanganya unga wa grafiti na udongo akauchoma. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na inaandika kwa rangi hafifu, hizo ni H. Grafiti ikizidi, inakuwa laini na nyeusi, hizo ni B. Karatasi za kuchapishia zinafaa, lakini masika yanapoingia karatasi inavuta unyevu, inalegea, na penseli inateleza bila ya kushika. Ziwekeni ndani ya kopo la biskuti lenye mfuniko. Na nyuma ya kila mchoro andikeni tarehe.

Tarehe hizo zitawafaa katika jambo ambalo watu wachache hulisema. Kuna wakati, baada ya mwaka au miaka miwili ya juhudi, mtu huona michoro yake imeharibika. Anaitazama anaona kasoro tupu. Wengi huacha hapo. Michoro haijaharibika. Jicho limekua na mkono bado haujalifikia, ndiyo maana unaona kasoro ambazo mwanzo hukuwa na uwezo wa kuziona. Toa michoro ya zamani, itandaze chini kwa mpangilio wa tarehe, utaona safari. Kipindi hicho kitarudi tena, na tena. Mimi nimeshakipitia zaidi ya mara moja, na kila kilipopita mashua zangu zilikuwa na uzito zaidi, zimekaa kwenye maji badala ya kuelea juu ya karatasi.

(Hapa mama mmoja aliuliza: mwanawe anachora nyuso za watu, na macho daima yanatoka juu sana. Afanyeje?)

Ahsante mama. Hilo ni la wote wanaoanza kuchora nyuso. Macho ya mtu mzima yako katikati ya kichwa, nusu ya njia kati ya utosi na kidevu. Mwanagenzi huyapandisha kwa sababu anashughulika na macho, pua na mdomo, na paji la uso pamoja na nywele anaviona si kitu, basi anavipa nafasi ndogo. Mwambie apime kwa penseli usoni pako: kutoka kidevuni mpaka machoni, kisha kutoka machoni mpaka utosini. Ukivaa mtandio, aukisie utosi ulipo chini ya kitambaa. Kwa mtoto mdogo macho yanashuka chini zaidi ya nusu, kwa kuwa fuvu lake ni kubwa na taya bado ndogo. Aanze na hilo wiki nzima kabla ya kugusa kope.

(Mzee mmoja aliuliza kama umri wa miaka sitini na ushee umepita kuanza.)

Haujapita, mzee wangu. Wewe umetazama bahari hii kuliko sisi wote. Unajua kuwa maji ya asubuhi na maji ya alasiri hayana rangi moja, unajua chombo kilichosheheni kinavyokaa na kile kitupu kinavyokaa. Vijana hawa itabidi wajifunze hayo. Kwako umebaki mkono tu, na mkono unazoea. Anza na ule mti ulioko mbele ya baraza yako, kila jioni baada ya alasiri, karatasi moja.

Sasa maneno yatosha. Karatasi ziko meza ile, penseli mbili mbili, na ungo wa karafuu mbichi unapita kwenu. Kila mtu achukue tawi moja, alishike kwa mkono wa kushoto, alitazame kwa muda mrefu kuliko anavyodhani inafaa, ahesabu meno, ndipo aanze. Nitapita nyuma yenu.