Saratani ya ulimi: kina cha kidonda na tezi za shingo

Asanteni sana, ndugu madaktari na matabibu wa kinywa na meno. Nimeombwa nizungumzie saratani za kinywa, kichwa na shingo kwa saa moja. Haiwezekani. Zoloto, kile kisanduku cha sauti, ina mambo yake, koromeo lina yake, tezi za mate ndiyo usiseme. Leo nashika kiungo kimoja, ulimi, kwa sababu kidonda chake mnakiona ninyi kabla ya daktari bingwa yeyote, na mkikikosea mwanzo, upasuaji wa baadaye hauwezi kufidia.

Mgonjwa haji akisema ana kansa. Anakuja akilalamika kwamba jino linamchoma ulimi, au sikio linamuuma na ukiliangalia ni zima kabisa. Maumivu hayo ya sikio msiyadharau: mshipa wa fahamu wa ulimi na ule unaokwenda mbele ya sikio ni matawi ya shina moja. Anapewa GV, ile dawa ya zambarau ya kupaka, halafu nistatini ya fangasi, halafu antibayotiki ya kwanza, halafu ya pili. Miezi inapita hivyo. Kanuni yenyewe ni fupi: kidonda kilichozidi wiki 3 kikatwe kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama, kikapimwe. Kama kuna jino kali, lisuguliwe au ling'olewe siku hiyohiyo, na mgonjwa arudi baada ya wiki 2. Kisipopona, jino halikuwa sababu.

Namna ya kuangalia. Shika ncha ya ulimi kwa gozi kavu (kitambaa cha kufungia vidonda), uvute mbele na kando, uukague ukingo mpaka nyuma kabisa, pale unapokutana na nguzo ya findo (tonsili). Ukimwambia tu atoe ulimi nje, sehemu hiyo ya nyuma hutaiona, na ndiko saratani nyingi zinakojificha. Kisha weka kidole kimoja ndani na vidole vya mkono wa pili chini ya taya, upapase kati yake. Kidonda cha kawaida ni laini, kinauma, na kinaishia pale kinapoonekana kuishia. Cha saratani ni kigumu, na ugumu wake unavuka kingo zake na kuzama chini. Ulimi ukitolewa ukapinda kuelekea upande wenye kidonda, jua msuli umeshaingiliwa, au mshipa wa fahamu unaouendesha.

Kwa wenzangu wa Pwani na Unguja, neno moja kuhusu tambuu. Popoo, ile kokwa ya ndani ya tambuu, peke yake, hata bila tumbaku, imewekwa katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, katika chapisho lake la mwaka 2004. Mtafunaji ambaye kinywa kinaanza kugoma kufunguka apimwe nafasi kati ya meno ya mbele kila anapokuja, na iandikwe kwa milimita. Na msidanganywe na rangi. Utando mweupe unawatisha watu, lakini mwekundu ndio wenye hatari zaidi. Mara nyingi ukikatwa, seli zake zimeshaharibika.

Sasa kinyama chenyewe. Ganzi ni lignokeni asilimia 2 yenye adrenalini, ichomwe pembeni, si ndani ya kidonda, maana majimaji yanatenganisha seli. Kata ukingoni, kisu namba 15, kipande chenye upana wa milimita 5 na kina kisichopungua hapo, kiwe na kidonda na nyama nzima kidogo. Katikati ya kidonda msipaguse: pana nyama iliyokufa, na jibu litarudi bila maana. Kipande kisibanwe kwa koleo la meno makali. Pitisha uzi ukiinue kwa huo uzi. Kitie kwenye fomalini ya asilimia 10, ujazo mara 10 ya kipande. Si spiriti, si maji ya chumvi. Kuna mtu anaona kidonda kidogo, anakitoa chote kwa nia njema. Akimpeleka mgonjwa rufaa, mpasuaji anakuta kovu na hajui mipaka ilikuwa wapi. Pima kwa rula, chora ulimi kwenye fomu, uweke alama. Na jibu likisema hakuna saratani ilhali kidole chako kinahisi ugumu, amini kidole, kata tena.

Kwa nini nasisitiza kina? Zamani tulipanga hatua kwa ukubwa wa juu tu. Toleo la nane la TNM, mfumo wa kupanga hatua za saratani ambamo T ni uvimbe wenyewe, lililoanza kutumika Marekani mwaka 2018, liliingiza kina cha uvamizi. Kidonda cha sentimita 1.8 kilichozama milimita 3 ni T1. Chenye upana uleule kilichozama milimita 7 ni T2. Kina hupimwa kutoka usawa wa ngozi nzima ya jirani kwenda chini. Uvimbe unaochomoza juu hauhesabiwi. Msuli wa ulimi umejaa mishipa ya limfu na haukai kimya: kila kumeza, kila neno, unasukuma. Ndiyo maana kidonda chembamba kilichozama kinafika shingoni mapema kuliko kipana kilichotambaa juujuu.

Shingo, basi. Ubishi wa muda mrefu ulikuwa: mgonjwa wa hatua za mwanzo, shingo haina tezi ya limfu inayopapasika, tumwondolee tezi au tusubiri? Hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai ilitoa jibu mwaka 2015. Walioondolewa tezi palepale, asilimia 80 walikuwa hai baada ya miaka 3. Waliosubiriwa mpaka tezi zitokee, asilimia 67.5. Kwa maoni yangu, kwetu sisi ambako mgonjwa akishapona kidonda harudi kliniki kwa wakati, kusubiri hakuna nafasi. Uvamizi ukizidi milimita 3 au 4, tezi za ngazi ya I hadi III (kanda za shingo, kutoka chini ya taya kushuka) zitolewe, wengi tukiongeza ya IV. Tezi inayopapasika ichomwe sindano nyembamba. Kuikata wazi kama jipu kunamwaga seli kwenye ngozi na kuvuruga njia ya mpasuaji.

Kwenye meza ya upasuaji, bomba la hewa lipite puani. Alama za mpaka zichorwe kwa moto wa umeme kabla ya kukata, sentimita 1 kila upande na sentimita 1 chini, kwa sababu msuli ukishakatwa unajikunja na hutajua tena umbali. Watu hukata vizuri pande zote, halafu chini wanaogopa damu. Saratani inabaki hapohapo chini. Kipande kifungwe nyuzi, mmoja mbele, mbili juu, ili mtaalamu wa patholojia ajue upande. Yeye anataka milimita 5 za nyama safi. Pungufu ya hapo mpaka uko karibu mno.

Ukitoa chini ya theluthi ya ulimi, shona tu. Ukitoa nusu, unahitaji nyama ya kuziba: ngozi ya kigasha, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, ikiunganishwa kwa hadubini, baada ya kuhakikisha kwamba ateri ya pili inalisha kiganja. Pasipo na hadubini, msuli wa kifua, uliotumika tangu 1979, unazungushwa ukiwa na ateri yake. Ni mzito, unaacha shingo nene, na wapo wanaoudharau. Mimi simo. Unashika, na mgonjwa anakula.

Matatizo ya shingo yana mahali pake. Ukikata karibu mno na taya, mdomo wa chini unapinda. Shuka vidole viwili. Ukivuta sana mshipa wa fahamu wa bega, mkono hauinuki kuchana nywele. Kushoto, chini, kuna mfereji wa limfu: siku mgonjwa anapoanza kulishwa kwa mpira wa pua, majimaji ya mrija uliowekwa shingoni yakigeuka meupe kama maziwa, ndio huo umetoboka. Punguza mafuta kwenye chakula, funga bendeji ya kukandamiza. Yakipita lita 1 kwa siku, rudi ndani ukaufunge.

Mionzi ianze ndani ya wiki 6 baada ya upasuaji kwa wanaoihitaji. Mpaka wa kipande ukikutwa na saratani, au tezi ikiwa imepasuka gamba lake, huongezwa sisiplatini, dawa ya saratani. Hapa ndipo kazi inarudi kwenu. Meno mabovu yang'olewe wiki 2 kabla ya mionzi, ikiwezekana siku ileile ya upasuaji akiwa usingizini, kwa kuwa jino likishang'olewa kwenye taya lililopigwa mionzi, mfupa unaweza kufa na kuoza. Kwa hiyo mgonjwa anayepangiwa hospitali ya Ocean Road au Bugando asiondoke kwenu bila picha ya taya zima na orodha ya meno ya kutoa. Mwaka wa kwanza mkague kila baada ya mwezi 1 hadi 3, kinywa na shingo zote mbili, kwa kidole. Karibuni kwa maswali.