Plastiki haina bei, bei iko kwenye moldi

Haya jamani, wa nyuma mnanisikia? Poa. Swali naloulizwaga sana ni hili: kidege cha plastiki, yani modeli ya eropleni ya kuunga mwenyewe, gramu mia na kitu za polistireni, mbona bei yake kama kuku wawili? Na cha resini, ile plastiki ya maji unayochanganya na dawa ikaganda, ndo usiseme.

Sasa sikieni, plastiki yenyewe haina bei. Hela imelala kwenye moldi. Ni vyuma viwili vinavyofumbana, ndani vimechongwa kila mstari na kila ribiti, mashine inayeyusha punje za plastiki inazisindilia mle kwa presha, zinapoa, vyuma vinafunguka, fremu ya vipande inadondoka, muda mfupi tu. Ila moldi ya hivyo inaweza kula makumi elfu ya dola, na unalipa kabla hujauza hata boksi moja. Tuseme dola 50,000. Ukitoa maboksi 1,000, kila boksi linabeba dola 50 za moldi peke yake, ukitoa 50,000 linabeba dola 1. Ndo maana kila kampuni inakimbilia Spitfire, ile ndege maarufu ya kivita ya Uingereza, ndege isiyojulikana nani atanunua?

Airfix, kampuni ya modeli ya Uingereza, mwaka 1949 walitengeneza katrekta ka Ferguson ka matangazo, kukaunga kiwandani ikawa gharama, baadaye wakakauza vipande vipande, mteja ajiungie kwake. Wajanja hao! Mwaka 1981 kampuni ikafilisika, lakini moldi zikapata wenyewe wapya, zikaenda Ufaransa zikaendelea kutema videge, maana moldi ikishalipwa umebaki na plastiki, dekali (zile stika za alama), karatasi ya maelekezo na boksi.

Resini ni kinyume. Kuanza rahisi, unachonga au unaprinti modeli mama, unaimwagia silikoni, inaganda kama mpira na hiyo ndo moldi yako, hata gereji inatosha. Shida silikoni inachoka, kopi 20, 30 hivi kingo zinaanza kuchanika, unatengeneza nyingine. Na kila kopi ni mkono wa mtu, kupima resini na dawa ya kugandisha, kukoroga, kumimina fasta, kuingiza kwenye tangi la presha viputo vipotee, halafu kukata mabaki kwa msumeno. Kopi ya 500 inakula muda uleule wa kopi ya kwanza.

Kwa hiyo wewe dada uliyeuliza habari ya modeli ya basi, kama wanunuzi ni 200, chuma usikiguse, nenda na resini, na bei usiione aibu kuitaja.