Kisiwa Hakina Pa Kukimbilia

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Nimepewa swali zito kwa jioni yenye joto kama hii: je, binadamu anaweza kuvuka hatua ya kula tu, akajifunza kutokana na yaliyopita? Kwa kuwa nafundisha historia, mnategemea niseme ndiyo. Nivumilieni kidogo.

Sangara wetu wa Ziwa Victoria anagawanywa kabla hajapoa. Minofu inakwenda Ulaya, bondo, yaani kibofu chake cha hewa, linakaushwa linakwenda China, na kichwa na mifupa vinabaki hapa vikiitwa mapanki. Siyadharau mapanki, nimekua nayo. Ila samaki huyu ni mgeni. Alipandikizwa upande wa Uganda miaka ya 1950, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amejaa ziwa zima. Furu, samaki wadogo wa asili ambao walikuwa mamia ya aina, wengi wakatoweka tumboni mwake.

Msiseme hatukuonywa. Mwaka 1927 na 1928 Mwingereza Michael Graham alilipima ziwa hili, akakuta ngege, samaki wetu wa asili, wanapungua kwa sababu ya nyavu za makila, zile zinazomnasa samaki kwenye matundu yake. Akashauri matundu yasipungue inchi 5. Sheria ikawekwa, miaka ya 1950 Tanganyika na Uganda zikaiondoa. Leo tunachoma makokoro, nyavu haramu za kukokota, mwaloni wanakotia nanga wavuvi, tunapiga picha, na wiki ijayo tunachoma mengine.

Na lipo jambo ambalo Mwanza hatulisemi bila kushusha sauti. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia hapa na watu kupita kiasi. Tukazika mamia. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka kikitoka Bugorora kwenda Bwisya, kisiwani Ukara. Kiwango chake kilikuwa abiria 101; waliokufa walizidi mara mbili ya hao. Kati ya ajali hizo mbili ni miaka 22. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa MV Bukoba alikuwa mtu mzima mwenye nauli yake mkononi.

Sasa Ukara penyewe. Kisiwa kidogo, watu wengi, udongo wa kichanga. Wakara, tangu kabla ya Mjerumani, walifuga ng'ombe ndani ya nyumba, katika shimo, wakiwakatia majani na kuwapelekea maji, ili samadi yote irudi shambani. Walijenga matuta ya mawe, wakabadilisha mazao kwa mpangilio, na miti yao ilikuwa na wenyewe. Watafiti walikuja kutoka mbali kushangaa. Nami zamani nilikuwa nikimaliza hadithi hapo, darasa likipiga makofi.

Siku hizi naongeza kipande kilichobaki. Wakara waliohamia kwenye ardhi tele waliacha mengi ya hayo. Shimo la ng'ombe la nini, pori likiwa lipo? Hawakusahau hata kidogo. Wazee wao walijua kazi ile kama wanavyojua majina yao. Walipunguza jasho tu, kama ambavyo mimi na wewe tungefanya. Kwa hiyo ninasita ninapoambiwa elimu itatuokoa. Ujuzi walikuwa nao. Kilichowabana kule kisiwani ni kwamba ukichosha shamba lako, mbele yako ni maji.

Ziwa letu ni karibu kilomita za mraba 68,800, nchi tatu. Ukisimama ufukweni huoni mwisho wake, na hapo ndipo tatizo lilipo: kila mvuvi anaamini upo mwalo mwingine mbele, na kwamba asipomvua samaki ambaye hajakomaa, mvuvi wa Kenya au Uganda atamvua. Je, dunia nzima ni Ukara au ni pori? Mimi naona ni Ukara. Wanaokula minofu, naona, bado wanaliona pori.

Mara ya mwisho nilipovuka kwenda Bwisya nilijikuta nahesabu vichwa vya abiria kimyakimya. Nilipofika themanini na kitu, mama mmoja akanishika bega: "Mwalimu, umepotelewa na mtoto?" Nikamwambia hapana, mama. Akasogea kunipisha nikae, nami hesabu ikanipotea.

Karibuni kwa maswali.